Siku Nne za Fungate

Treni ile ilikuwa na behewa moja tu, na ndani ya behewa hilo palitundikwa saa ya ukutani isiyo na mishale. Mishale ilitolewa kwa sababu abiria walikuwa wakigombana kila safari: huyu anasema ni saa nne, na jirani yake anaapa kwamba saa nne ilipita zamani, yeye akiwa hajaota meno. Wenye treni wakachoka na kesi, wakaing'oa mishale, wakaiacha saa ikilia bila kumtolea mtu yeyote ushahidi. Bi. Sikujua aliitazama mara moja, akaona haimsaidii kitu, akaipa kisogo. Yeye alikuwa na kazi. Alikuwa na mume wa kumfundisha, na lango la Maji Moto halikuwa mbali.

"Tuanze tena," alisema. "Mimi naitwa nani?"

Bwana Chande alikuwa ameketi mkabala naye, mgongo ameuelekeza kule treni inakokwenda, magoti yake yakigusana na ya mkewe. Kiti cha kutazama mbele alikikataa tangu walipopanda. Alikuwa fundi wa madaraja kwa miaka arobaini, na fundi wa madaraja, alisema, hutazama alikotoka, aone kama alichokijenga bado kimesimama. Basi yeye akatazama nyuma, mkewe akatazama mbele, na baina yao wakawa wanaiona nchi yote.

"Wewe ni nesi," alisema Bwana Chande kwa adabu.

"Mimi si nesi. Tazama vizuri."

"Basi ni mwenye treni."

"Mwenye treni ndiye anayekuvalisha soksi asubuhi?"

Bwana Chande alizitazama soksi zake, akacheka. Alikuwa bado anajua kucheka, tena kicheko chake kilekile cha kutikisa mabega bila sauti. Ugonjwa wa kusahau ulimwingia miaka mitatu nyuma, ukaanza na funguo, ukaenda kwenye njia za mtaani, ukafika kwenye majina ya wajukuu. Lakini kicheko haukukigusa. Bi. Sikujua alikishukuru kicheko hicho na papo hapo akakikasirikia, kwa sababu langoni hawaulizi kicheko. Langoni wanauliza jina.

Sheria ya mji wa Maji Moto kila msafiri anaijua kabla ya kukata tiketi. Mji wenyewe hauna ukuta. Una lango tu, limesimama peke yake katikati ya uwanda, na ukichungulia kwenye uwazi wake unaona mvuke wa chemchemi, na vibanda vyeupe, na watu wanatembea na taulo mabegani. Ukilizunguka lango hilo huoni kitu ila majani makavu. Wengi wamezunguka, wajanja kweli kweli, wakaishia kwenye majani hayohayo. Ni lazima upite, na ili upite ni lazima ujulikane: mwenzako aulizwe wewe ni nani, akutaje jina, uandikwe. Akishindwa kukutaja, wewe hujulikani, na asiyejulikana hurudishwa na treni ileile, siku ileile. Mwenzako yeye ataingia, maadamu wewe umemtaja.

Bi. Sikujua aliipima sheria hiyo kabla hajafunga sanduku. Yeye angemtaja mumewe, mumewe angeingia. Mumewe asipomtaja, angeingia peke yake. Nani huko ndani angejua kwamba chai yake haitiwi iliki? Nani angejua kwamba akianza kugonga ukuta kwa ngumi anatafuta msumari uliolegea, wala hagombi na mtu? Alikuwa akishtuka hata mkewe akienda msalani, akakaa akiutazama mlango mpaka arudi. Siku nne bila mtu wa kumsubiri mlangoni zingemmaliza. Kwa hiyo jina lile lilikuwa ndilo daraja lao la pekee, na lilitakiwa kusimama kwa dakika moja tu, mbele ya karani.

Na jina lenyewe, jamani, ndilo lililokuwa balaa.

Alipewa jina hilo kwa sababu mama yake alikaa miezi minane akidhani ana uvimbe wa tumbo. Wanawake waliomzalisha walipomwuliza, "Mwenzetu, hata hukujua?" alijibu neno moja, na neno hilo likaandikwa kwenye cheti. Tangu hapo halikumpa raha. Alifundisha lugha darasa la tano kwa miaka thelathini na sita, na hakuna neno ambalo watoto wa darasa la tano hulitamka zaidi ya hilo. Kwa nini umechelewa? "Sikujua, mwalimu, kama kengele imelia." Na yeye, kabla hajajizuia, huwa ameshaitika: "Abee!" Darasa zima likaangua kicheko. Kila mwaka aliapa kwamba mwaka huu hataitika, na kila mwaka mdomo ukamtangulia. Mtu aliyezoea kuitwa hana ujanja mbele ya jina lake. Nyumbani tu ndiko alikokuwa salama, maana Bwana Chande alilikata jina katikati, akabakisha Siku. Siku, chai imepoa. Siku, njoo uone mvua. Kipande hicho kifupi ndicho kilichotangulia kupotea, na langoni hawakubali vipande.

Treni ilipita kituo kimoja kizuri sana. Kilipakwa rangi mpya, kikapandwa maua kwenye madebe, na kibao chake kikaandikwa MWAKANI kwa herufi za buluu. Hapakuwa na mtu hata mmoja. Treni haikusimama, haikupunguza hata mwendo.

"Hapa pangetufaa," alisema Bwana Chande, akikitazama kinavyobaki nyuma.

"Hapa tumepaahidi miaka arobaini na minne," alisema mkewe. "Hakuna anayeteremka hapa."

Fungate ni siku saba. Hilo halina mjadala. Wao walipooana walikuja Maji Moto, wakakaa siku tatu, na asubuhi ya nne akafika mtu na baiskeli na barua: daraja la mtoni limekwenda na maji, fundi Chande anatakiwa mara moja. Akaondoka na sanduku lake la vifaa, akakaa huko wiki tano. Aliporudi alimshika mkewe mikono yote miwili akasema, "Siku nne tutazimalizia mwakani." Mwakani akazaliwa mtoto. Mwakani pakajengwa nyumba. Mwakani mtu aliugua, mtu alioa, mtu alifiwa, na madaraja hayakuacha kuanguka. Siku zile nne zikakaa kabatini kwa Bi. Sikujua pamoja na shuka za wageni. Binti yao, Tausi, alipoona mama anafunga sanduku alisimama mlangoni akasema, "Mama, hata akifika, baba hatajua kwamba amefika." Bi. Sikujua aliketi juu ya sanduku ili lifungike. "Mimi nitajua," alisema. "Sogea mlangoni."

Baada ya Mwakani, nchi ilianza kurudi nyuma. Ndivyo njia hiyo ilivyo. Reli yake inakwenda mbele na vituo vyake vinarudi. Wakafika Jana, wakafika Juzi, na kila kituo Bwana Chande alikuwa mtu mwingine. Kwenye Juzi alikuwa na miaka ishirini na sita, akamwinamia mkewe na kumnong'oneza siri.

"Nimeposa, mama. Kuna binti mmoja mwalimu. Mkali! Anasahihisha hata barua za mapenzi. Niliandika 'nakupenda sana' nikakosea herufi moja, ikarudi na wino mwekundu."

"Wamekubali kwao?"

"Bado wanamwuliza mwenyewe."

"Atakubali," alisema Bi. Sikujua.

Akamwonea wivu binti yule. Wivu kabisa, akitamani amwone amkwaruze uso. Binti yule alikuwa akijulikana. Alikuwa na jina, na ukali, na wino mwekundu, na mwanamume wa kumtaja kwenye treni kwa mtu asiyemjua. Na yeye aliyekula chumvi na mwanamume huyo miaka yote, aliyemfulia, aliyemzikia mama yake, amekaa hapa magoti kwa magoti naye, anaitwa nesi. Je, mtu anakuwa wapi zaidi: pale anapokumbukwa, au pale alipoketi? Akikumbukwa mahali na kukaa mahali pengine, ni yupi kati ya hao wawili anayeumwa magoti? Bi. Sikujua aliyageuza maswali hayo mpaka yakamchosha, kisha akaona kwamba magoti yake ndiyo yanayouma, na maumivu hayo hayakuwa ya binti yeyote. Hilo lilimtuliza kiasi.

Bwana Chande alikuwa ameanza kuongea peke yake, macho dirishani.

"La kwanza la mbao. La pili la chuma. La tatu... la tatu nani alilivuka? Nikasema lisivukwe. Saruji mbichi. Nikaweka kamba. Akavuka. Mwanamke ana chaki mkononi. Ana haraka. Nikampigia kelele. Hakugeuka. Nyayo zimo. Mpaka leo zimo, nendeni mkaone. Mguu wa kushoto umezama zaidi."

Bi. Sikujua aliinama akaitazama miguu yake. Mguu wake wa kushoto hukanyaga kwa uzito tangu alipoanguka utotoni. Siku ile aliivuka saruji ile kwa sababu kengele ya shule ilikuwa imelia, na ndiyo siku waliyogombana kwa mara ya kwanza, na ndiyo siku waliyoonana.

"Alikuwa nani huyo mwanamke?" aliuliza taratibu.

Bwana Chande alifikiri kwa bidii, uso umekunjamana.

"Mwenye mguu," alisema.

Bi. Sikujua akamsogelea. Hakulia. Alikuwa na dakika chache. "Sikiliza, fundi," alisema. "Mimi ni Sikujua. Sema."

"Sema."

"Si-ku-ju-a."

"Hukujua nini?"

"Ndilo jina. Ukiulizwa huyu ni nani, unasema Sikujua."

"Nikiulizwa nitasema sikujua," alisema Bwana Chande, ameridhika, kwa kuwa hilo lilikuwa jibu rahisi na la kweli, na treni ikasimama.

Langoni palikuwa na meza, na nyuma ya meza mwanamume wa makamo amevaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likawa na makali. Hakuwa na askari wala bunduki. Alikuwa na daftari lenye safu tatu na kalamu moja, na watu waliotangulia walisimama mbele yake wakitetemeka.

"Shikamoo, mama. Shikamoo, mzee."

"Marahaba," alisema Bi. Sikujua.

"Marahaba, mwanangu," alisema Bwana Chande, akilitazama lango kuanzia juu hadi chini. "Nguzo yako ya kulia imelala kidogo."

Karani hakugeuka kuitazama nguzo. "Mama, huyu ni nani?"

"Chande Mnyamani. Mume wangu. Fundi wa madaraja."

Karani akaandika. "Mzee, na huyu mama ni nani?"

Bwana Chande alimgeukia mkewe. Alimtazama paji la uso, akamtazama miwani, akamtazama mkono ulioshika mpini wa sanduku. Midomo ya mzee ikafunguka, na sauti ikatoka safi, ya kusikika mpaka nyuma ya foleni.

"Sikujua."

"Abee!" aliitika Bi. Sikujua, machozi yamemjaa, kwa furaha ambayo hakuwa ameionja kwa miaka miwili.

Karani alikuwa ameshaandika. Aliligeuza daftari ili naye aone. Alikuwa ameandika: *Hakujua.*

"Pole, mama," alisema. "Wa nyuma, sogeeni."

"Pole ya nini? Hakusema hakujua. Amenitaja! Ndilo jina langu." Akatoa kitambulisho, akakibandika juu ya daftari kwa kiganja.

Karani alikisoma mbele na nyuma. "Hiki kinasema kwamba unaitwa hivyo. Hakisemi kwamba mzee alikuita."

Hapo Bi. Sikujua alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa tena. Wanafunzi wake wangeiona ishara hiyo wangekaa wima.

"Mwanangu, ulisoma?"

"Nilisoma, mama."

"Umemwuliza mtu, huyu ni nani. Asiyejua hujibuje?"

"Sijui."

"Au?"

"Simjui."

"Vema. 'Sikujua' ni wakati gani?"

"Uliopita, mwalimu," alisema karani, na alijikuta amesimama.

"Uliopita. Tena nakwambia jingine. Hakuna mtu anayesema sikujua wakati bado hajui. Anayesema sikujua kama pana shimo, ameshaliona shimo. Neno hilo ni la mtu aliyekwisha kujua. Kwa hiyo hata kama hakunitaja, amekiri kwamba ananijua. Andika."

Foleni ilinong'ona. Mtu mmoja nyuma alipiga makofi. Karani alilitazama daftari lake, kalamu ikining'inia, na haya ikampanda shingoni kama mtoto aliyekosa hesabu rahisi. Kisha karani akainua uso.

"Ni kweli, mwalimu, kwa watu wenye wakati," alisema kwa upole. "Lakini kwa mzee, uliopita na uliopo vimechanganyika. Mimi nitajuaje yeye amesimama katika upi?"

Katika miaka thelathini na sita hakuna mwanafunzi aliyewahi kumshinda Bi. Sikujua kwa kanuni yake mwenyewe. Iliuma, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa kweli, alimpa alama yake kimoyomoyo.

"Basi mpime," alisema.

Mwanamke mmoja mnene alikuwa akifagia majani mbele ya lango. Karani akamwita, akamsimamisha mbele ya mzee. "Mzee, huyu ni nani?"

"Simjui," alisema Bwana Chande bila kusita. "Ila anafagia vizuri."

Mfagizi akacheka kwa aibu. Bi. Sikujua alihisi ardhi inatulia chini ya miguu yake; kanuni ilikuwa upande wake. Asiyemjua amemwita simjui. Karani akatikisa kichwa kukubali, akamrudisha mfagizi kazini, akamgeuza mzee taratibu kwa mabega.

"Na huyu?"

Wakati ule mvuke ulipita katikati ya uwazi wa lango, na Bwana Chande akapikicha macho. Alikuwa amechoka. Alimtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, mwanamke mwenye miwani na uso uliolowa, akamhurumia.

"Huyu mama simjui," alisema. "Ila nimekuja naye."

Karani aliandika yote, neno kwa neno, kama ilivyo wajibu wake.

Basi ni mimi. Hivyo ndivyo alivyowaza Bi. Sikujua, kwa vipande, huku masikio yakivuma. Miaka mitatu nashika mkono wa mtu aliyepotea. Nampigia majirani simu, mmemwona? Nashona jina lake kwenye kola. Namfungia mlango asipotee. Na aliyepotea ni mimi. Yeye yupo. Ameandikwa, wino haujakauka. Mimi ndiye sipo. Nilikuwa nimehifadhiwa ndani ya kichwa kimoja tu, na nyumba hiyo imebomoka, na mimi nimebaki nje nimeshika sanduku. Nani aliniambia niweke vitu vyangu vyote mahali pamoja? Mama yangu hakujua kwamba nipo. Mume wangu hajui kwamba nipo. Na mimi hapa katikati, nipo, magoti yanauma.

Magoti yanauma.

Akamtazama karani. "Na wewe nani anakujua?"

"Mimi ni karani."

"Sikukuuliza kazi."

Karani aliitazama kalamu yake. "Hakuna aliyewahi kupita na mimi," alisema. "Mimi nilikuwa hapa tu."

Bi. Sikujua alitaka kumkasirikia akashindwa. Alimwona yule mwanamume alivyo: mtu aliyekaa mlangoni mwa mji asioujua, akiwahukumu watu kwa kitu ambacho yeye mwenyewe hajawahi kupewa. Na walimwogopa kwa nini? Alikuwa na safu tatu tu. Macho yake yakashuka kwenye safu hizo. Ya kwanza ilisema *Anayejulikana.* Ya pili, *Amejulikana na nani.* Ya tatu aliisoma mara mbili.

"Hii ya tatu," alisema, "mizigo. Mizigo nayo hutajwa jina?"

"Hapana, mama. Mzigo hauna jina. Una mwenyewe."

"Unaingiaje?"

"Mwenyewe akisema amekuja nao, unaingia naye."

"Hebu nisomee alichosema mzee mara ya mwisho. Chote."

Karani alisoma. "Huyu mama simjui." Akafuata mstari kwa kalamu. "Ila nimekuja naye."

"Haya," alisema Bi. Sikujua, akaliweka sanduku chini na kunyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza. "Niandike safu ya tatu."

Yule karani hakuwahi kuombwa jambo kama hilo. Alifungua droo, akaifunga, akaifungua tena. Mwishowe akatoa lebo ya mizigo yenye uzi, na kwa kuwa kanuni ni kanuni, akaanza kuuliza na kuandika.

"Mwenye mzigo?"

"Chande Mnyamani."

"Ndani mna nini?"

"Mna mwalimu mstaafu, presha, meno ya bandia ya chini, na siku nne."

"Unavunjika?"

"Ungekuwa wa kuvunjika ungeshavunjika hapa hapa mezani kwako."

Akamfunga lebo kwenye kifundo cha mkono, fundo la uangalifu. Kisha akasema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Mzigo hausemi, mama. Ukisema huko ndani, utaulizwa jina, na asiyejulikana atarudishwa. Usiseme mpaka uitwe kwa jina lako na mwenyewe." Akamgeukia Bwana Chande. "Mzee, huu ni mzigo wako. Nikutafutie mtu wa kukubebea?"

Bwana Chande alijinyoosha. Miaka arobaini hakuna aliyewahi kuligusa sanduku lake la vifaa. Mafundi wenzake walimcheka, mabosi walimkemea, na yeye akalibeba mwenyewe kwenye mafuriko na kwenye jua.

"Mzigo wangu sibebewi," alisema, akaukamata mkono wa mkewe kwa nguvu, kama mtu anavyoshika mpini, na kwa mkono mwingine akanyakua lile sanduku la nguo. Wakapita.

Ndani, njia ya kwenda kwenye chemchemi ilikuwa ya mbao, imejengwa juu ya tope la moto. Bwana Chande alisimama kwenye ubao wa kwanza, akaupiga kwa kisigino mara mbili, akasikiliza. "Linabeba," alisema. Akaenda, na mzigo wake ukaenda. Bi. Sikujua hakusema neno. Alikuwa na mengi ya kusema, kwamba kile pale ndicho kibanda chao, kwamba mlango wake ulikuwa wa kijani na sasa ni mweupe, kwamba alimsubiri pale dirishani wiki nzima kabla hajaamini kwamba harudi upesi. Aliyafunga mdomoni yote. Mwalimu aliyezoea kusahihisha alitembea kimya, mkono wake umeshikwa, na akagundua kwamba tangu mumewe augue ni yeye aliyekuwa akishika. Leo ndiyo mara ya kwanza anashikwa. Mshiko ulikuwa na nguvu zilezile. Alifurahi, na hakuona sababu ya kuificha furaha hiyo.

Walikaa kwenye ukingo wa mawe. Bwana Chande alivua viatu mwenyewe, akavua soksi, akazikunja moja ndani ya nyingine. Mfagizi yuleyule, ambaye kazi yake ni ya pande zote mbili za lango, alikuwa upande wa pili akifagia, na nyuma yake, mbali, lango lilionekana kutoka huku ndani, na karani amesimama kwenye uwazi wake, anachungulia. Huenda hata yeye hakuwahi kutazama huku.

Bwana Chande akazamisha miguu. Mvuke ukampanda magotini, na uso wake ukalegea, na macho yake yakapita juu ya maji, juu ya vibanda, yakarudi yakatua kwenye mkono alioushika. Akaiona lebo. Akaigeuza, akaisoma bila sauti, jina lake mwenyewe, na mwalimu, na siku nne. Akainua macho.

"Sikujua," alisema.

Ufagio ulisimama. Kule langoni karani alinyoosha shingo.

Huenda alitaka kusema kwamba hakujua kama maji ni ya moto hivi. Huenda alikuwa na miaka ishirini na sita na alitaka kusema kwamba hakujua kama binti yule atakubali. Huenda alikuwa amefika, kwa dakika moja, mahali ambapo uliopita na uliopo vinakutana, na alikuwa akiomba radhi. Kanuni haikuweza kusema. Daftari halikuweza kusema. Kama lilikuwa jina, yeye ni mtu, na ameitwa. Kama halikuwa jina, yeye ni mzigo uliofungua mdomo, na treni ilikuwa bado haijaondoka.

Bi. Sikujua hakusubiri mtu yeyote aamue. Alijaza kifua, akaitika kwa sauti yake ya darasani, ile ya kufika kwenye dawati la mwisho, ile ya kufika langoni:

"Abee!"